Mstari wa Joka

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, saa nane na dakika kumi mchana, mbele ya nguzo ya kupimia watoto urefu. Kabla ya hapo fundi sakafu alikuwa amechoka tu, uchovu wa kila siku wa mtu aliyefiwa na mke miezi kumi iliyopita, anayepika, anayefua, anayemsuka mtoto nywele kwa vidole vilivyozoea saruji.

Walikuwa wamesimama foleni saa moja na nusu juani. Uongozi wa bustani ile ya michezo ulipata fedha za kununua treni la chuma lenye kichwa cha joka, lakini turubai la kuwafunika watu lilikuwa gharama. Ndivyo walivyo wakubwa wa kila mahali, fundi aliwaza. Hata wale wa hospitali, mashine yao ilikufa siku ileile mkewe alipoihitaji, na hakuna aliyeulizwa.

Mgongoni alimbeba Bonge wa miaka mitatu, aliyelala fofofo na kumdondoshea mate shingoni. Mkononi alimshika Chiriku wa miaka saba, ambaye domo lake halikufungika tangu asubuhi. Leo anapanda Joka. Anakaa mbele kabisa. Hafumbi macho.

Mwaka jana alipungua vidole vinne kuufikia mstari wa kuruhusiwa kupanda, akalia mpaka akapaliwa. Mama yake alivua mtandio, akaupima kwenye nguzo kutoka chini hadi kwenye mstari, akafunga fundo. Nyumbani akaunyoosha kwenye mwimo wa mlango wa chumbani, akachora alama kwa kalamu nyekundu.

"Ukifika hapa, unapanda," alimwambia. "Hakuna wa kukuzuia."

Miezi miwili baadaye walimzika. Mtoto hakuacha kusimama mlangoni kila Ijumaa, kisogo kwenye mbao. Wiki iliyopita kichwa kilifika kwenye alama, akapiga kelele hadi jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

Sasa dada wa getini alimsimamisha kwenye nguzo, akamwekea kiganja utosini, akatikisa kichwa. "Bado, mama. Vidole viwili."

"Rudia," fundi akasema. "Huyu tumempima nyumbani."

"Baba, hata nikirudia hadi jioni hatarefuka."

"Basi mmeupandisha mstari! Mnapandisha ili watu warudi kulipa tena, eti?"

Nyuma mtu akapaza sauti, "Mzee, mvalishe visigino tusonge mbele!"

Watu wakacheka. Chiriku akajificha nyuma ya mguu wa baba yake.

"Niitie mkubwa wako," fundi akasema.

Mkubwa akaja, mama wa makamo mwenye miwani na funguo nyingi kiunoni. "Mstari huu haujaguswa tangu tufungue, mzee wangu. Mita moja na sentimita ishirini."

"Maneno hayo hata mimi nayaweza."

Fundi akachomoa futi yake ya chuma, ile asiyoiacha hata akienda msibani. Akapiga magoti, Bonge angali mgongoni, akaivuta. Mita moja na ishirini, bila kuzidi wala kupungua. Tena mstari wenyewe haukupakwa, ulichongwa kwenye zege, na kingo zake zilishalika kwa miaka ya mvua. Mtu anayeishi kwa saruji hawezi kujidanganya mbele ya zege kuukuu.

Akabaki pale chini, akitazama nguzo ilipoanzia.

Sakafu.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mikono ikikosa la kufanya, alimwaga sakafu mpya chumbani juu ya ile iliyopasuka, ambayo mwenye nyumba aliahidi kuitengeneza hadi watu wakachoka kumkumbusha. Sentimita nne. Aliisugua ikawa kama sahani. Alama ya mlangoni ilibaki palepale. Aliyeinuliwa ni mtoto.

"Umeridhika, mzee wangu?"

Fundi akakunja futi. "Nguzo yenyewe imekaa vibaya," akasema, bila kumtazama mtu. "Twende, mwanangu. Hawa ndiyo kazi yao."

Nyuma yao Joka likaanza kupanda, krr, krr, krr, kisha mayowe. Chiriku hakugeuka. Njia nzima hakutoa neno, na fundi, aliyezoea kumwambia anyamaze, alitamani aropoke chochote.

Nyumbani alimlaza Bonge na viatu vyake, hana nguvu ya kuvivua. Alipogeuka, Chiriku alikuwa ameshavua vyake, amesimama mlangoni, kisogo kwenye mbao, kiganja utosini. Kidole chake kiligusa wino mwekundu.

"Njoo uone, baba."

Fundi akaja, akasimama juu ya sakafu yake.

"Mama alisema nikifika hapa napanda. Nimefika. Wale wanasema sijafika." Akamtazama baba yake usoni. "Sasa aliyenidanganya ni nani, mama au wale?"