Kidole Kwenye Pedeli

Cherehani ile ilikuwa ya mama mkwe. Kabla hajafariki alisema mbele ya wote kwamba mwenye kuikanyaga ndiye mwenye nayo, na aliyekuwa akiikanyaga siku zile ni mkaza mwanawe, si binti yake wa kumzaa. Binti lilimkaa moyoni.

Basi mkaza mwana akawa anashona na binti, wifi yake, anakata vitambaa, chumba kimoja, mlango ukitazama barabara. Mpaka siku mshonaji alipopanda ngazi kushusha jora la juu. Ngazi ikateleza kwenye saruji, naye akatua kwa kisigino. Mfupa ulivunjika vipande vipande. Hospitali wakampasua, wakamtia bamba la chuma na skrubu, na wifi akakalia cherehani.

"Nakutunzia kiti tu, wifi yangu, kisipate baridi," alisema.

Kidonda kilifunga vizuri. Kidole gumba ndicho kilichoanza vituko. Akilala, kimenyooka kama wenzake. Akisimama, kinajikunja kama kinachotafuta kitu sakafuni. Na hilo ndilo lililomponza, maana kliniki kila mara alipandishwa kitandani, akalala, unyayo ukining'inia na kidole kimenyooka vizuri. Daktari akilitazama kovu na kuuliza kama kuna jingine, yeye anajibu hakuna, shwari. Kisha huyo, anavaa kiatu cha kufunika. Aliogopa akisema atapasuliwa tena, na akipasuliwa tena, kiti kitazidi kuzoea makalio ya mwingine.

Siku aliyojiona amepona aliegemeza fimbo ukutani, akaomba kiti chake. Wifi akainuka. Sasa cherehani ile haikuwa ya kukanyagwa kwa kiatu, marehemu alikataza, alisema kiatu hakisikii mwendo wa uzi. Ikabidi avue.

Alikanyaga mbele, kidole kikanyooka. Akarudisha kisigino chini, kidole kikajikunja, kikaingia kwenye tundu la pedeli, vile vyuma vilivyotobolewa kama maua, kikanasa. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akatunga uzi, akajaribu tena, ukakatika tena. Damu ikatoka kwenye ukucha.

Wifi alipiga magoti akakinasua taratibu. Akauinua unyayo, kidole kikajikunja. Akaushusha, kikanyooka. Akarudia kama mtoto aliyepata kichezeo, halafu uso ukambadilika.

"Hili ulilijua tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kusimama."

"Na daktari?"

"Hajawahi kuniona nimesimama."

Wifi akacheka bila furaha, akamwambia yeye na daktari wake wamekutana, mmoja hasemi, mwingine haangalii.

Safari hii kliniki mshonaji alimwonyesha daktari kidole akiwa wima, peku. Daktari akaeleza kwamba ugwe unaokivuta kidole umegandamana na kovu kule kisigino, hautelezi tena. Mshonaji akaelewa papo hapo. Ni uzi wa marinda huo, ukiuzuia upande mmoja nguo yote inajikunja. Akauliza kama utafumuliwa. Daktari akasema watajaribu, foleni ikifika. Angesema mapema ingekuwa kazi ndogo, sasa kiungo chenyewe kimeanza kukaza, na huenda kidole kisinyooke tena kama zamani.

Aliporudi hakukaribia kiti. Aliketi kwenye kigoda, akachukua sindano ya mkono na bakuli la vifungo. Wifi alimtazama, akasimama kumpisha.

"Kiti ni chako. Nilikwambia natunza."

"Kanyaga, wifi. Wewe si ulimsikia mama alivyosema?"

Wifi alishika mgongo wa kiti, kama anayengoja aambiwe ni utani. Hakuambiwa. Akavua ndala, akaketi, na gurudumu likaanza kuzunguka.

Mshonaji aliinamia kifungo. Mguu wake aliuficha chini ya gauni, lakini haukutulia. Ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu, mbele na nyuma, kwa mwendo ule ule wa pedeli, na kidole kikijikunja na kunyooka, kikijikunja na kunyooka.