Vivuli Vilivyobaki Shule ya Zamani

Wanafunzi sitini walihamishwa shule saa sita mchana, kila mmoja na dawati lake kichwani. Mwalimu mkuu alihesabu watoto, madawati, hata vipande vya chaki. Vivuli hakuvihesabu, maana jua lilikuwa la utosini na kila kivuli kilikuwa kimejikunyata chini ya nyayo za mwenyewe. Vikabaki kule kule. Haraka haraka haina baraka. Shule ya zamani ikabomolewa kupisha maegesho ya magari ya wakubwa.

Katika shule mpya jambo hilo lilijulikana kwenye somo la nje. Mwalimu wa sayansi aliitwa Mama Kamba, kwa sababu hakutembea bila kamba yake ya kupimia. Alikuwa hapendi kuta nne. Alisema mtoto anayefungiwa ndani kutwa hudhani dunia nayo imekaa. Siku hiyo watoto walipima miti kwa vivuli: unalinganisha kimo chako na kivuli chako, kisha unapima kivuli cha mti na kukokotoa. Wanafunzi wageni wakasimama juani, miguuni pao pakiwa peupe.

"Wasio na vivuli waazime kwa wenzao," alisema Mama Kamba, na somo likaendelea.

Chiriku, mmoja wa wageni hao, aliazima cha msichana mrefu kama mlingoti, akapata mti mfupi kuliko mwalimu. Alikosa, kwani hesabu ni hesabu.

Wiki zikapita. Aliyelima bustani akauzoea udongo mpya, kivuli chake kiliwasili Alhamisi, vumbi tupu. Waliochora ndege wa uwanjani, vyao vikaja viwili viwili. Cha Chiriku hakikuja. Yeye aliyepewa jina hilo kwa kupayuka, sasa alikuwa hafungui mdomo darasani.

"Kiite, mjukuu wangu," bibi yake alimwambia.

"Kikija, Bibi, nani atatushikia nafasi?"

Wakubwa walikuwa wameahidi kuwajengea tena pale pale. Chiriku aliogopa kwamba akikiita, yeye ndiye atakuwa amekubali kuwa shule yao imekufa.

Alhamisi moja Mama Kamba alilitoa darasa zima kuchora ramani ya mitaa kwa miguu. Wakafika kwenye maegesho. Mlinzi aliwafungulia geti, akamwona Chiriku hana kivuli, akamwonyesha kona.

"Hicho ndicho kisumbufu. Nikipanga gari hapo, kinanyoosha mkono kama kinataka kujibu swali. Chukua mtu wako, mwanangu."

Kivuli kilikuwa kimekaa mahali lilipokuwa dawati, kimekunja mikono. Chiriku akachuchumaa.

"Hapa hatujengewi," alikiambia. "Kule kuna kunguru amejenga juu ya bomba la mvua. Kuna mti nimeukosea, nataka kuupima upya. Na wale wenyeji si wabaya, wanajifanya tu."

Akaendelea hivyo robo saa nzima, bila koma wala nukta. Mwishowe kivuli kikainuka, kikajipangusa, kikamshika visigino. Chiriku alilia kidogo, kisha akacheka, kwa sababu alifurahi.

"Na hivi vinne?" Mama Kamba aliuliza, akionyesha vivuli vingine pale chini.

"Hivyo wenyewe hawaji," alijibu mlinzi.

Vilikuwa vya watoto wanne ambao shule mpya ilikuwa mbali mno na kwao. Waliacha kusoma siku ile ile ya kuhama, na orodha ya mwalimu mkuu ilitimia bila wao.

Mama Kamba akatoa kamba. Chiriku alivipima kimoja kimoja, akaandika. Vyote vilikuwa vimekua, kama watoto wanavyokua popote walipo.

Honi ikalia getini. Gari jeusi likaingia, likaegeshwa juu ya vivuli vyote vinne, dereva akashuka akaenda zake. Chiriku akainama, akachungulia chini ya gari.

"Alhamisi ijayo tunakuja tena," aliviambia. "Nitawaletea maswali ya somo la leo."