Hatua Elfu Tisa za Fundi

Sikudanganya. Kwanza tuelewane hapo. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyenifunga kile kidude cha kuhesabu hatua kwenye kifundo cha mguu. "Mzee wangu," akasema, "hizi sindano za saratani ya tezi dume zinakula misuli. Usipotembea kila siku, ngazi za ofisini kwako zitakushinda." Ofisi yangu ni chumba kimoja, ghorofa ya tatu, na cherehani ya kukanyaga. Nisipopanda, sishoni. Nisiposhona, mimi ni nani?

Lakini hakusema nikivue nikiwa kazini.

Siku ya kwanza nilishona suruali mbili na sare moja ya shule, kidude kikasoma elfu sita. Loo! Kesho yake nikapinda shuka ambazo hata hazikuagizwa na mtu. Elfu tisa! Mke wangu akawa anaandika namba ukutani kwa chaki, akawapigia simu mpaka dada zake. "Shemeji yenu anawashinda vijana!" Mimi nakunywa chai yangu tu.

Kutembea kwenyewe nilikuogopa. Tangu matibabu ya mionzi yaanze, mkojo haunisubiri. Mtu niliyewashonea nusu ya mtaa suruali za harusi, nionekane barabarani nimelowa? Thubutu!

Mwisho wa mwezi muuguzi akanipima: dakika sita, nenda rudi kwenye korido. Mke wangu alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, anatabasamu. Dakika ya tatu magoti yakagoma. Nikashika ukuta, nikateremka mpaka sakafuni.

Muuguzi akatazama kidude, akanitazama mimi. Mke wangu yeye akatazama mguu. Miaka thelathini na nane ameuona ukikanyaga cherehani.

"Fundi," mke wangu akasema, "hizi hatua umezitembelea wapi?"

Nikamwambia yote, na ya mkojo pia. Nilitegemea kelele. Akalia, mbele ya watu, na hilo liliniuma kuliko sindano.

"Nguo zako nafua mimi tangu ujana. Leo ndiyo unanionea aibu?"

Nikamshika mkono, nikainuka.

Jioni ile nilipanda zile ngazi, arobaini na moja, nikapumzika mara nne. Nikajikatia suruali nyeusi, pana kidogo, nikaiwekea bitana ya taulo. Ufundi bado upo mkononi, sifichi.

Asubuhi tukatoka, yeye na mimi, taratibu. Kwenye kona ya duka la dawa, mkojo ukaja bila hodi. Nikausikia unashuka, ukaishia kwenye taulo. Nikasimama kama nimepigiliwa misumari, na hapohapo akatokea mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi.

"Shikamoo, fundi! Eh, suruali hiyo imekukaa!"

"Marahaba. Nimeishona mwenyewe."

Mke wangu akakohoa kuficha kicheko, akanishika mkono. Tukaendelea mpaka mwisho wa ukuta wa shule, ndipo tukarudi.

Nyumbani akasoma kidude: mia nane na kumi na mbili. Akafuta maelfu yote ukutani kwa kiganja, akaandika hiyo peke yake.

"Aibu tupu," nikasema.

"Aibu gani? Hatua hizi nimeziona kwa macho yangu." Akajifuta chaki, akaninyooshea mkono. "Haya, lete suruali nifue."

Nikavua, nikampa.