Pini Nene

...haikuingia, hata alipoigeuza, hata alipoipangusa kwa pindo la kanga, pini ya chaja ilikuwa nene na tundu la simu jembamba, na Melania, aliyepiga magoti karibu na soketi, alimsikia mumewe akijimwagia maji bafuni nyuma ya nyumba na kuuliza, "Mama Luka, inachaji?", akajibu, "Bado"... labda ameuziwa siyo, simu aliinunua Mwanza, na wauzaji wa huko hawana haya, lakini hapana, Maige mwenyewe alisema alipoingia kwamba chaja hiyo aliichomoa ukutani jana alfajiri, pale gesti anapolala peke yake, simu ikiwa imejaa, akaitia mfukoni gizani akakimbilia basi, na kama ndivyo, basi ukutani zilikuwapo chaja mbili, akachomoa isiyo yake, na penye chaja mbili pana simu mbili, na simu, mwaka huu wa tisini na tisa, nani anayo, wachimbaji wenzake hawana hata redio... kisha akaiona shingo ya waya, pale unapopenda kukatika, imezungushiwa uzi mweusi wa kusukia nywele, mizunguko imebanana, fundo limefichwa chini, na Maige hufunga kila kitu kwa mpira wa tairi, hata suruali... "Niletee taulo, ng'wana Nkwabi," aliita kwa uchangamfu, kwa jina la baba yake Melania, kama enzi za uchumba, na jina hilo likamkwaruza, maana ni huyuhuyu aliyemwambia kwamba maadamu yu kwenye duara, shimo lao kule Geita, mkewe hapaswi kuguswa, dhahabu huikimbia harufu ya mwanamke, naye akatii, akalala na watoto, akazifua nguo za mumewe kwenye beseni la peke yake, na mawifi walipomcheka kuwa amesuswa akawajibu, "Tunashika mwiko," kwa fahari, fahari gani, kumbe mwiko ulikuwa wa hapa nyumbani Kahama tu, haukupanda basi... angeweza kuitumbukiza chooni, angeweza kulia mpaka majirani wajae uani, lakini alijikuta anawaza tu ni gauni lipi halijapauka... "Hii haiingii, Baba Luka," alisema, kwa sauti ileile ya kuwaitia watoto chakula, "ina mwenyewe, kesho tunapanda basi wote tukamrudishie," na kule bafuni Maige akauliza, "Unasemaje? Nina sabuni masikioni," akajimwagia kopo jingine, na Melania akavuta pumzi, aseme tena, polepole.