Kofia Nyekundu ya Mzee Lothar

Mtaa ule wa Freiburg, Ujerumani, usio na magari, aliuchora Mechthild mwenyewe, msanifu wa mji: njia za baiskeli, mapaa yaliyooteshwa nyasi, tramu, treni ya mjini, karibu na mlango. Kila anayehamia huwaahidi majirani kwamba hatamiliki gari. Mechthild aliahidi kabla ya wote, tena kwa sauti ya kupigiwa makofi. Na gari alikuwa nalo, amelificha kwenye banda la mkulima pembezoni mwa mji. Msimtafutie sababu nzuri. Hakupenda kusubiri basi kwenye baridi, basi.

Jirani yake, Mzee Lothar, alikuwa ameuza gari lake kwa kushawishiwa naye. Mke wa Lothar, Irmtraud, alitunzwa kwenye nyumba ya wazee huko milimani.

"Basi lipo, Mzee," Mechthild alimwambia. "Tena la umeme."

Jumapili moja ya Januari theluji ilianguka, mabasi yakasimamishwa. Mechthild akipanda milimani kwa gari lake kuoga kwenye bwawa la maji moto, akamwona Lothar kituoni peke yake, maua mkononi. Mguu ulishagusa breki. Kisha akawafikiria majirani, akainamisha kichwa nyuma ya usukani na kukanyaga mafuta.

Maji ya moto hayakumpa raha. Kesho yake alibisha hodi kwa Lothar.

"Mzee, jana ulifika?"

"Wapi! Nilirudi nyumbani. Maua yale pale dirishani."

"Mimi jana..."

"Nilikuona, binti yangu. Unaendesha huku umeinama hivyo, ungekuja kuua mtu."

Mechthild alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Jumapili unapanda tena?" Lothar akauliza. "Nichukue. Nitajilaza kiti cha nyuma mpaka tuuache mji, hakuna atakayeniona. Irmtraud nisipoenda ananisahau."

"Ujilaze? Utakaa mbele, Mzee, pembeni yangu." Na aliposema hivyo alikuwa anaamini kabisa.

Jumapili wakaenda kulitoa gari bandani. Mechthild alijifunga skafu hadi puani, akavaa miwani myeusi; baridi, alisema. Lothar akakaa mbele na maua yake mapajani na ile kofia yake nyekundu ambayo mtaa mzima unaijua. Alikuwa na furaha, anapiga mluzi.

Hawajafika mbali, wakawaona mbele yao majirani wawili wanakuja kwa baiskeli. Mmoja alikuwa ameshaanza kukodoa macho.

"Mzee," Mechthild akasema, "hebu inama kidogo."

Mluzi ukakatika. Lothar akavua kofia, akajikunja taratibu na miaka yake themanini, uso ukazama kwenye maua. Baiskeli zikapita. Nyumba zikaisha, misonobari ikaanza, na mzee bado ameinama, anangoja kuambiwa ainuke. Mechthild akaipandisha skafu yake, akakanyaga mafuta.