Leso Juu ya Kamera

Obadiah aliteleza kwenye mteremko wa shamba lake la chai mwezi wa Aprili, majani yakiwa bado yanadondosha mvua ya alfajiri, akavunjika mfupa wa nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, na daktari akamwambia asithubutu kukanyaga mlima kwa miezi mitatu. Nyumba yake, mwendo mfupi kutoka soko la Kebirigo, iko juu ya kilima ambacho hata mbuzi hukipanda kwa kupumzika. Kwa hiyo binti yake Ruth, mwenye duka la dawa mjini Kisii, alimchukua akamlaza katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, dirisha likitazama ukuta wa jirani.

Mkewe Persis alibaki nyumbani. Ng'ombe alikuwa amezaa wiki hiyo hiyo, na chai haingoji mgonjwa apone.

Mzee hakutulia. "Ruth, ng'ombe amekamuliwa? Mpigie mama yako umuulize kama geti limefungwa." Ruth alipiga, na Persis, ambaye hakuwahi kupenda simu, alijibu kila mara kwa maneno yale yale: "Amekamuliwa. Limefungwa. Mwambie apone." Wiki ya tatu Ruth alirudi kutoka dukani akamkuta babake ameshikilia fremu ya mlango, amevaa koti, jasho linamtiririka, akidai anakwenda zake stendi.

Ndipo Ruth akamtafuta Ouma, fundi aliyekuwa akifunga kamera kwenye maduka ya mjini. Ouma alipanda Kebirigo na ngazi yake, akaifunga kamera kwenye pembe ya paa la veranda. Ilikuwa na paneli ndogo ya sola na laini ya simu ndani yake, na shingo iliyoweza kuzunguka. Jioni yake akaketi kando ya kitanda cha mzee, akamwekea app kwenye simu.

"Mzee, ukitelezesha kidole kushoto, nayo inageuka kushoto. Ukitaka kitu kije karibu, tandaza vidole viwili hivi. Na hapa palipo na alama ya kipaza sauti, ukibonyeza, walioko kule wanakusikia."

"Wananisikiaje na mimi niko hapa?"

"Ina spika."

Obadiah alicheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Alizungusha kamera mpaka kwenye zizi, akamwona ndama amelala juu ya majani makavu, akasema taratibu, kama anayemkuta mtoto usingizini, "Haya. Haya basi."

Kule nyumbani Persis aliambiwa tu kwamba kile kidude ni cha kuangalia ng'ombe.

Dawa za maumivu zilimfanya Obadiah alale na kuamka ovyo, na asubuhi alipofungua simu mara nyingi hakukuwa na kitu ila weupe. Ukungu ulikuwa umejaa kwenye kioo kama maziwa kwenye bakuli. Alijifunza kungoja. Kwanza ilitokea nguzo ya veranda, ikining'inia yenyewe bila nyumba. Kisha migomba, kijivu, ikichukua rangi polepole kutoka ncha za majani. Kisha mistari ya chai, na nyuma yake kabisa mabonde ya Nyamira, moja nyuma ya jingine, kila moja hafifu kuliko lile la mbele. Mtandao ukipungua nguvu picha iliganda, na ndege aliyekuwa anapita akabaki hewani mpaka mawasiliano yarudi. Sauti nayo ilichelewa. Jogoo alifungua mdomo, akaufunga, ndipo akawika. Wakati mwingine Obadiah alisinzia simu ikiwa kifuani, akaamka bila kujua yuko upande gani wa kioo.

Katika weupe huo alimwona mkewe.

Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na mitano, lakini saa hiyo ya asubuhi hakuwahi kumwona. Yeye mwenyewe huwa ameshatangulia shambani na kikapu mgongoni. Hakujua kwamba Persis hutembea polepole akiwa peke yake. Hakujua kwamba humweleza ng'ombe mambo marefu, akikamua na kunyamaza kidogo kama anayengoja jibu. Siku moja alimwona anasimama katikati ya uwanja, gamboti miguuni, ameinua uso, anauacha ukungu umloweshe. Hakufanya lolote zaidi ya hapo. Obadiah alishika simu kwa mikono miwili.

Asubuhi ya sita Persis alimimina chai kikombeni, akapita kando ya zizi, akatoka kwenye picha. Obadiah alitelezesha kidole kumfuata. Alimkuta nyuma ya jiko la zamani, kati ya migomba na ua, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Obadiah alidhani anaongea na jirani ng'ambo ya ua, akazungusha kamera kumtafuta. Hapakuwa na mtu. Alirudi, akatandaza vidole viwili. Persis aliinama akang'oa magugu mawili matatu, akatabasamu kwa jambo alilolisema mwenyewe, akanywa chai. Mbele ya miguu yake palikuwa na kipande cha ardhi kilichosafishwa vizuri, kisichozidi mkeka wa mtoto.

Alielewa polepole, kama vile picha yenyewe inavyokuja.

Mwaka wa 1981 Obadiah alikuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya chai, Kericho. Mtoto wao wa kwanza, Osoro, alishikwa na surua akiwa na miezi minane. Habari zilimfikia kwa mdomo, na alipofika nyumbani mtoto alikuwa ameshazikwa siku mbili kabla. Mvua ilikuwa imesawazisha udongo kila mahali. Hakuonyeshwa kaburi lilipo, naye hakuuliza. Aliogopa kwamba akiuliza, Persis naye atamuuliza alikuwa wapi. Aliahirisha kesho, na kesho kutwa. Ruth alizaliwa, chai ikapandwa, jiko jipya likajengwa, na swali likapitwa na wakati wake.

Siku nne alimfuata mkewe kwa kidole. Jumamosi, siku ya Sabato, alimwona akipita pale kabla ya kanisa, na gauni lake jeupe, akasimama tu kidogo kama anayeaga. Ruth alipomuuliza babake, "Tata, unaangalia nini saa zote?" alijibu, "Ndama."

Siku ya tano hapakuwa na upepo. Obadiah aligeuza kamera, na mota yake ikalia *ziii*, sauti nyembamba kama ya mbu. Persis aliinua kichwa. Alitazama zizi, akatazama paa, na macho yake yakafika kwenye kioo cha kamera yakatulia hapo. Obadiah, akiwa kitandani Kisii, alijikuta amerudisha kichwa nyuma kwenye mto.

Persis aliinuka. Alikuja moja kwa moja, uso wake ukikua mpaka ukajaza simu yote. Alitoka kwenye picha, akasikika akiburuta kiti, kisha kila kitu kikawa kitambaa.

Ilikuwa leso yake ya maua mekundu. Obadiah aliitambua.

Siku mbili alitazama leso. Asubuhi ilikuwa nyeusi, kisha jua likapanda nyuma yake na maua yakawaka moja moja, na upepo ukipita yakavimba na kupungua kama kitu kinachopumua. Alisikia maisha nyuma yake: ndoo, kuku, mlango wa jiko, hatua za Persis zikija na kwenda. Hakumwambia Ruth. Hakuuliza habari za ng'ombe wala geti, mpaka Ruth akampima joto akidhani anaugua.

Siku ya tatu alingoja hatua zikaribie, akabonyeza ile alama.

"Persis."

Hatua zilikoma. Alisikia jina alilolitaja likirudi kutoka kule, dogo, likitokea kwenye spika ya paa.

"Baba Ruth?" Sauti ilikuwa chini ya kamera kabisa. "Uko ndani ya hicho kitu?"

"Niko Kisii. Niko kitandani."

"Waliniambia kinaangalia ng'ombe."

"Kilikuwa kinaangalia ng'ombe. Mimi ndiye niliyekigeuza."

Maua yalitikisika.

"Umeniangalia pale siku ngapi?"

"Tano. Sita, na ile siku ya kwanza."

"Miaka yote hii hukuangalia," alisema Persis. Hakupaza sauti. "Unapita pale na kikapu kila siku. Siku moja ulikata mgomba hatua mbili kutoka hapo, nikasimama mlangoni nikisema, leo ataniuliza. Ukachukua ndizi ukaenda."

"Sikujua ni pale."

"Ungejuaje?"

Obadiah alitazama kitambaa. Ilikuwa rahisi kusema na kitambaa. "Niliogopa," alisema. "Nilikuta mmemaliza. Nilikuta watu wameshaenda makwao na wewe umekaa kando ya moto, hukuniangalia. Nikasema, nikimuuliza mtoto yuko wapi, ataniuliza nilikuwa wapi. Na sikuwa na jibu, Persis. Nilikuwa nachuma chai ya watu."

Ng'ombe alilia, na kilio kikafika nyuma ya wakati wake.

"Sikuwa na hasira na wewe," Persis alisema mwishowe. "Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimechoka. Nilidhani hutaki kusikia habari zake. Nikasema basi, nitakaa naye mimi."

"Unamwambia nini?"

"Habari tu. Nilimwambia umeanguka. Nilimwambia ndama ni jike."

Obadiah alilia. Alikuwa bado amebonyeza alama, na Persis lazima alisikia, kwa sababu baada ya kitambo kiti kilisikika kikiburutwa tena. Leso iliondoka. Mwanga ulimrukia machoni, na katikati yake, karibu mno na pembeni kidogo, ulikuwa uso wa mkewe, umelowa ukungu au machozi.

"Geuza shingo yako hiyo," alisema. "Mkono wa jiko."

Aligeuza.

"Bado. Zaidi. Shuka chini. Simama." Persis alishuka kwenye kiti akaenda mwenyewe, akapungua, mpaka akawa mtu mdogo kati ya migomba. Aliinama akaweka kiganja juu ya ardhi. Sauti yake ilifika hafifu, lakini ilifika. "Kichwa kiko hapa. Anaangalia bondeni, mtoni."

Obadiah alivuta picha karibu mpaka haikuweza kusogea tena. Kwenye simu mkono wa mkewe ulikuwa umevunjika vipande vipande vya rangi. Aliutazama mpaka bando likaisha.

Kuanzia hapo Persis alikuja chini ya kamera kila asubuhi na kikombe chake, akainua uso akamwamkia kwa Kigusii, "Bwakire," na Obadiah akajibu kutoka kitandani, naye akageuza kamera taratibu, kwa kasi ya hatua zake, mpaka kwenye ndoo. Walizungumza kwa sauti ya juu wakisikilizana vibaya. Obadiah aliuliza: mtoto alikuwa ameanza kuketi? Alikuwa ameanza, akiegemezwa. Alikuwa na meno? Mawili, ya chini. Alikuwa akimcheka nani? Kila mtu, alisema Persis, hata kuku.

Julai iliisha. Daktari akaangalia picha ya eksirei akasema mzee anaweza kurudi nyumbani na magongo. Ilimchukua karibu saa nzima kupanda kile kilima, Ruth akimshika upande mmoja na Persis, aliyeshuka kuwapokea, upande mwingine. Walipofika uwanjani Ruth alitaka kumpeleka kwenye kiti cha veranda, lakini wazee wake walipita mbele yake bila kusemezana, wakazunguka jiko la zamani.

"Tata, unaenda wapi? Huko kuna utelezi."

"Njoo," alisema Obadiah.

Ruth aliwafuata. Alikuwa na miaka arobaini, na miaka yote alijua kwamba yeye ndiye kifungua mimba. Babake alisimama, akahamishia magongo yote mkono mmoja ili avue kofia.

"Huyu ni kaka yako," alisema. "Anaitwa Osoro."

Ruth alimtazama mamake, na mamake akaitikia kwa kichwa. Ruth akakaa, mkoba bado begani, kwenye nyasi zenye umande na sketi yake ya kazini, akaanza kuuliza. Alifanana na nani? Nani alimpa jina? Alizikwa na nini? Persis alijibu mengine, na Obadiah, aliyekuwa ameyauliza mapema, alijibu mengine, na palipokuwa na jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka walisema hivyo. Jua lilipanda mpaka utosini, na ndama akaanza kudai maji, na bado Ruth alikuwa anauliza.