Kijiko cha Tano

Nyumbani kwa mama yao kulikuwa na sheria moja ambayo hata mgeni aliijua kabla hajaonyeshwa choo kilipo: vijiko vya Kijapani havigusi yai.

Babu yao, mpishi wa meli, alivinunua katika bandari moja huko Japani na kumpa binti yake alipoolewa. Vilikaa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kitambaa cha buluu na vijumba vitano. Babu aliagiza visiguse yai, kwa kuwa yai huifanya fedha iwe nyeusi, na Dada Mkubwa, aliyekabidhiwa kazi ya kuvisugua akiwa na miaka kumi, alilishika agizo hilo kwa mikono miwili. Ukimwona leo, mwalimu mkuu mwenye miwani puani, utaelewa kwamba alianzia kwenye vijiko.

Watoto walikuwa wanne, na kila mmoja alipewa kijiko chake cha uji. Cha tano kilikuwa cha mama. Fedha ile ilikuwa laini, basi kila mtoto aliacha meno yake ukingoni. Cha Dada Mkubwa kina vishimo vitatu vilivyopanga foleni. Cha Kaka, ambaye sasa ni fundi bomba, kimetafunwa kama kalamu ya mwanafunzi aliyekwama kwenye hesabu. Vya wale pacha havitofautiki, na wenyewe huvigombania mpaka leo.

Kisha akaja Kifungo. Alikuwa na miaka miwili, mtoto wa rafiki wa mama yao aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao na ambaye alikuwa amefariki, naye alikuwa mdogo na wa mviringo, ndiyo maana jina likamganda. Kwa mwezi mzima alikataa kila chakula isipokuwa yai la kuchemsha, tena lile ambalo kiini chake hakijakauka. Mama alimlisha jikoni wenzake wakiwa shuleni. Walipokuja kukitia machoni kijiko chake, kilikuwa cheusi tititi.

"Hicho ni cha bati," Kaka alitangaza, akiwa na miaka minane na hana wasiwasi na jambo lolote duniani. "Mama alimwambia fundi amkatie kinachofanana na vyetu, asilie."

Mama alisikia. Alitabasamu, akaendelea kumenya yai.

Basi ikawa hivyo kwa miaka thelathini na nane. Kifungo alikua, akawa fundi cherehani wa kushona sare za shule, akaolewa, akahama na kijiko chake. Alipendwa, hilo halikuwa na mjadala. Kaka alimtania kuliko alivyowatania wengine wote, na katika familia ile huo ndio uthibitisho wa juu kabisa. Lakini nyakati nyingine, akiwa ameinamia cherehani, alijiuliza kama mama alimpa sawa na wenzake au alimpa kinachofanana tu. Angeweza kukipeleka kwa sonara siku yoyote. Hakuwahi. Aliogopa jibu.

Mama alipofariki, walikaa miezi mitatu kabla hawajakusanyika kugawana vitu vyake. Siku ilipofika, Dada Mkubwa alikiteremsha kisanduku kutoka juu ya kabati, na kila mmoja akachukua kijiko chake kwa kupapasa meno.

"Cha mama kilipotea zamani," Dada alisema, akigusa kijumba kitupu.

"Na wewe Kifungo, toa bati lako tulione," Kaka akasema, na wote wakacheka. Kifungo naye alicheka. Kijiko kilikuwa kwenye mkoba wake, na alikuwa amekileta ili akiweke pamoja na vyao. Hakukitoa.

Pacha walitaka kujua yale maandishi ya nyuma ya mpini yanasema nini. Tangu utotoni waliyaita "nyumba na ngazi," kwa sababu ndivyo walivyoyaona. Dada Mkubwa akavirudisha vijiko vyote, akakifunga kisanduku na kusema anakwenda kwa sonara sasa hivi, kabla watu hawajaanza kubuni historia.

"Nakusindikiza, Dada," Kifungo alisema.

Sonara alikuwa mama mmoja mfupi, lenzi ikiwa imebanwa jichoni, meza yake imejaa visu vidogo, brashi na vumbi la chaki. Alivigeuza vijiko kimoja kimoja chini ya taa.

"Hizi alama mbili za juu ni maandishi ya Kijapani, zinasema ni fedha tupu, haikuchanganywa. Ndiyo maana mmeitafuna hivi, hamna adabu." Akagusa kidole chini zaidi. "Na huu mraba mdogo ni muhuri wa fundi aliyevitengeneza. Ona, ukingo wake umepasuka hapa kushoto, kwenye vyote vinne. Alipiga kwa chombo kimoja. Sasa cha tano kiko wapi? Hawa Wajapani seti zao nyingi ni za vitu vitano."

"Kilipotea," alisema Dada.

Kifungo alipiga moyo konde. Akafungua mkoba, akakiweka mezani kile cheusi, na kusema kwa haraka, "Samahani mama, najua hiki ni bati tu, lakini kwa kuwa tumefika."

Sonara alikichukua. Alikipima kwa kiganja, akakigonga na kijiko cha Kaka, akasikiliza. Kisha akainua uso.

"Nani alikuwa anakula mayai na hiki?"

"Mimi," Kifungo alisema, kama mtu aliyekamatwa.

Sonara alilowesha chaki, akafunga kitambaa kidoleni, akasugua nyuma ya mpini. Weusi uliondoka polepole. Ikatokea nyumba. Ikatokea ngazi. Mwisho ukatokea mraba mdogo, na ukingo wake ulikuwa umepasuka kushoto.

Kifungo aliutazama mpaka ukaanza kuelea machoni. Alikuwa na furaha.

Dada Mkubwa alivua miwani.

"Mwaka ulipokuja wewe, mama alianza kula kwa mwiko mdogo wa mti," alisema. "Tukamuuliza kijiko chake kiko wapi. Akasema kimepotea. Nilimgombeza, mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, namgombeza mama yangu kwa uzembe."

"Kwa nini hakusema amenipa?"

"Angesemaje? Ningekunyang'anya siku hiyo hiyo. Ningekwambia ule uji kama wenzako." Akacheka huku machozi yakimtoka. "Alinijua. Alimwacha Kaka atangaze bati lake, wewe ule mayai yako kwa amani."

Sonara, aliyekuwa akijifanya hasikii, aliuliza kama akisafishe chote king'ae.

"Hapana, mama," Kifungo alisema. "Hapo panatosha."

Walirudi, na Dada akawaeleza waliobaki. Kaka alikichukua kile kijiko, akakigeuza, akakigeuza tena. Alikilaza mwenyewe kwenye kijumba cha tano. Kilikaa sawasawa.

Dada Mkubwa alikuwa ameshaingia jikoni. Alitoka na sufuria ya mayai matano ya kuchemsha na kuwagawia. Kisha, mbele ya macho yao, akapasua ncha ya yai lake na kuzamisha ndani kijiko kile alichokisugua miaka arobaini. Pacha walitazamana kama waliosikia radi, wakamfuata. Kaka akafuata. Kifungo alikitoa chake kisandukuni, akala wa mwisho, polepole, kiini kikimtiririka kidevuni.

Kaka alipomaliza alikiinua kijiko chake kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na kivuli cha kahawia, kidogo sana, karibu na meno.

"Kufanana na chako kutachukua muda gani?" aliuliza.

"Miaka thelathini na nane, Kaka."

Dada Mkubwa alisukuma sufuria kuelekea kwa pacha. "Basi chemsheni mengine."